Jiko Nililolipima kwa Kiuno cha Baba Otmari

Siku hizi mkitaka kubadilisha jiko mnakuja na simu. Mnanisogezea puani picha ya jiko la watu wasiotoka jasho: kaunta nyeusi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, juu yake malimao matatu kwenye bakuli, sufuria hakuna hata moja. Halafu mnauliza, "Babu, hii kwa bei nafuu tunaipataje?"

Mimi ninawauliza kwanza: hapo anapika nani?

Mnacheka. Mnatazamana. Mnadhani mzee ameanza kuchanganya mambo, kaulizwa mbao anajibu mboga. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini ninauliza hivyo kwa sababu kuna mwaka sikuuliza, na nusura mama mmoja wa Lizaboni akose jambo alilolisubiri tangu mwanawe akiwa na meno ya utoto. Kaeni niwaambie. Mwenye haraka aende, ila kaunta yake ikimshinda asije kulia kwangu.

Nilikuwa kijana wakati huo, na nilikuwa naota. Sisemi kuota usingizini, nasema kuota nikiwa wima na randa mkononi. Darasa la saba nililimaliza nikitazama dirishani zaidi ya ubaoni, lakini kuchora nilijua, na nilikuwa na daftari nililolijaza majiko. Majiko ya ghorofani, majiko yenye madirisha mpaka chini, majiko yenye kaunta ndefu kama uwanja wa ndege. Nyumbani kwetu tulikuwa tunapikia kwenye mafiga matatu. Mama yangu alipoliona daftari aligeuza kurasa zote, kisha akauliza, "Sasa humu moshi unatokea wapi?" Sikuwa nimechora tundu la moshi hata moja.

Kazi nilifanyia kwenye karakana ya Mzee Gaudensi, kule Mfaranyaki, Songea mjini. Mzee Gaudensi alikuwa na mguu mmoja uliovimba kila mvua ikikaribia, na ulimi ambao haukuwahi kuugua. Mimi aliniita Injinia, na hakuwa ananisifu.

Miaka hiyo ndiyo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Nyie mmezaliwa mmekuta maduka yamejaa, kwa hiyo mtanisikiliza kama mnasikiliza hadithi ya sungura. Sisi tulitoka kwenye kutafuta misumari kama mtu anavyotafuta dawa. Iliyopinda tuliinyoosha kwenye jiwe na kuipigilia tena, na ikipinda mara ya pili tuliinyoosha tena. Mara ghafla malori ya kutoka Dar yakaanza kushusha kila kitu. Rangi za kopo. Bawaba za dhahabu ambazo si dhahabu. Vitasa vyenye funguo tatu, wakati mlango wenyewe hauna cha kuibiwa. Na fomaika.

Fomaika mnaijua? Ile karatasi ngumu ya kung'aa, unaigandisha juu ya chipbodi, yaani ule ubao wa vumbi la mbao lililobanwa kwa gundi, na mbao ya kawaida inageuka kuwa marumaru kwa macho. Iliyokuja Songea ilikuwa nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Siku niliyoiona dukani nilisimama muda mrefu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kuposa.

Na kuiweka kuna adabu yake. Gundi unapaka pande zote mbili, chini na juu, unaiacha ikauke mpaka haishiki kidole, ndipo unazikutanisha. Zikikutana zimekutana. Hakuna kusogeza kidogo kulia, hakuna samahani. Mara yangu ya kwanza nilizikutanisha upogo, nikaanza kuvuta. Mzee Gaudensi akaburuta kiti, akakaa kutazama kama yuko mpirani.

"Vuta, Injinia. Na mimi nilioa hivyohivyo. Mpaka leo navuta."

Alipotosheka kucheka akanifundisha. Unatandaza vijiti vyembamba juu ya gundi iliyokauka, unailaza fomaika juu ya vijiti, unaipanga mpaka kingo zinaelewana, halafu unachomoa kijiti kimoja kimoja kuanzia katikati, huku unakandamiza kwa kitambaa kuelekea nje. Kijana unayeweka fomaika hadi leo, hilo liweke kichwani, halina kodi.

Sasa, Lizaboni. Alikuwepo mama mmoja tukimwita Mama Otmari, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwoka mikate. Kwenye miaka ya shida, hamira ilipokuwa inasikika redioni tu, yeye alianza kuumua unga kwa chachu ya togwa, kile kinywaji chetu cha nafaka, na hata hamira ilipojaa madukani hakuiacha togwa yake. Mkate wake ulikuwa mzito kidogo, una uchachu kwa mbali, na ukila kipande kimoja asubuhi unaweza kulima mpaka jua la utosi. Alikuwa mfupi. Nawaomba mkumbuke hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Meza yake ya kukandia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Mchwa waliula kwa ndani kimyakimya, na asubuhi moja ukakatika katikati. Donge lote la unga likaenda chini, na wa kwanza kufika kwenye msiba walikuwa kuku.

Na ilikuwa wakati mbaya kuliko wote. Otmari mwenyewe alikuwa anapata upadri. Misa yake ya kwanza ilipangwa kufanyika kijijini kwao, Mpitimbi, zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Huyu mama, siku alipomsindikiza mtoto kwenda seminari na sanduku lake la bati, alimwambia, "Ukifika mwisho wa hiyo njia, watu watakaokuja kukupongeza watakula mkate wa mikono yangu." Basi. Wengine huahidi ng'ombe, yeye aliahidi mkate. Lakini upande wa mumewe walikwisha kuanza kusema kwamba siku hizi mikate ya kwenye nailoni imejaa madukani, imekatwa tayari, ya nini kumtesa mama mtu mzima? Mlango ulipovunjika walipata sababu.

Baba Otmari akaja karakana. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mrefu kama nguzo ya simu, anainama mlango wowote hata usio mfupi. Mzee Gaudensi mguu ulikuwa umevimba. Akanitazama, akatazama mguu, akanitazama tena.

"Injinia, hii nenda peke yako. Ukiiweza, kuanzia leo unashika kazi zako mwenyewe. Ukinirudishia aibu, utasukuma randa humu mpaka mimi nife, na mimi sina haraka ya kufa."

Nilikwenda Lizaboni nikiwa sikanyagi chini.

Hapa ndipo mnisikilize vizuri. Fundi mwanaume alikuwa anapokelewa sebuleni. Anapewa kiti, analetewa togwa, anazungumza na mwenye nyumba. Jikoni mama anapika. Mwanaume mgeni kuingia jikoni wakati mama anapika ilikuwa kama kuingia mtu anapooga. Kwa hiyo nilikaa sebuleni, nikanywa togwa, nikafungua daftari langu la majiko nikamwonyesha Baba Otmari. Naye hajawahi kupika hata chai tangu azaliwe, lakini alipenda. Tukakubaliana: nguzo za matofali ya kuchoma, juu yake chipbodi, juu ya chipbodi fomaika ya marumaru. Bei ilikuwa ya kuvumilika kuliko mbao mpya ya mninga, na inang'aa.

"Kimo je, baba?" nikauliza.

"Kimo cha kawaida."

"Cha kawaida ni kipi?"

Akasimama, akajiegemeza ukutani, akanyoosha mgongo. "Pima hapa." Nikampima kiuno. Nikaandika. Wanaume wawili, jumla ya sufuria tulizowahi kupika ni sifuri, tukamaliza habari ya jiko la mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya ukuta akikaanga vitunguu. Tena tukapeana mikono.

Nikaenda kuifanya kazi kwa siku sita, na siku zote hizo Mama Otmari alihamia kupikia kwa jirani ili kunipisha. Alinipa heshima hiyo. Angebaki, angeniambia siku ya kwanza.

Siku ya saba wakaitwa majirani. Nilikuwa nimeifuta fomaika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo mpaka unajiona meno. Mama Otmari akaingia na beseni la unga kichwani, akalitua, akasimama mbele ya kaunta. Ilimfika chini kidogo ya kwapa.

Akanyoosha mikono juu, akaiweka kwenye unga, akasukuma. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Alikuwa kama mtoto aliyetumwa chumvi, anachungulia kaunta ya duka.

Akageuka taratibu. "Kasiani mwanangu."

"Naam, mama."

"Hii baa inafunguliwa lini?"

Majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Baba Otmari, kwa kutaka kusaidia, alitoka uani akarudi na kreti la soda, akaliweka miguuni pa mkewe. "Panda hapo, mke wangu, utaifikia vizuri."

Mama Otmari akalitazama kreti, akamtazama mumewe kutoka miguuni mpaka darini, safari ndefu hiyo. "Nipande kreti kwenye jiko langu mwenyewe? Nihubiri?"

Lakini alipanda. Aliipenda ile ahadi yake kuliko alivyotuchukia sisi. Akakanda kidogo, kreti likateleza, akashika ukingo wa kaunta ili asianguke. Alipotua chini hakuwa anacheka tena. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini, "Basi waambie ndugu zako wakanunue hiyo ya nailoni." Akatoka.

Nyie mmewahi kuharibu kazi mkagombezwa? Kugombezwa ni kuzuri. Mtu anayekugombeza bado anakuhesabu. Mama yule hakunigombeza, na mimi nilirudi Mfaranyaki nikifuta macho kwa kiganja, nikisingizia vumbi la msasa.

Habari ilinitangulia. Mzee Gaudensi alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Ulimpima nani?"

"Baba."

"Baba anakanda?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Twende," akasema. "Nishike mkono, mguu huu haujui njia ya Lizaboni."

Tulipofika hakwenda sebuleni. Alizunguka nyuma, akasimama mlangoni pa jiko akiwa amevua kofia, akabisha. "Hodi, mama. Naomba ruhusa niingie jikoni kwako." Mimi sikujua kama hilo linaruhusiwa. Kumbe linaruhusiwa ukiomba. Na wa kuombwa ni mwenye jiko.

Mama Otmari akasema karibu. Mzee Gaudensi akamwambia asimame wima, ashushe mkono, akunje ngumi. Akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye ngumi. "Unga unakandwa hapa, Injinia. Mtu anakanda kwa uzito wa mwili, hakandi kwa mabega. Kama ni kukata mboga tu, unapandisha kiganja kimoja. Kama ni kusukuma chapati, katikati ya hapo." Akamgeukia mama. "Mama, mkono upi unauma?"

"Wa kulia, baba. Umejuaje?"

"Wote wanaokanda wana mmoja." Akaniambia nguzo zishuke kozi nne, yaani mistari minne ya matofali, na kona ya kulia nisiweke kitu chochote cha kukwaza kiwiko. Nilikuwa nimepitisha miaka karibu mitano chini yake na hayo yote sikuwahi kuyasikia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza habari ya watu. Nilimuuliza habari ya mbao tu.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Tukaanza kung'oa. Hapo aibu yangu ya pili ikajitokeza: chipbodi nilikuwa nimeilaza juu ya saruji mbichi bila kuipaka rangi upande wa chini. Ilikunywa maji yote ya saruji. Tulipoinyanyua ilikuwa imevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, kona moja ikabaki mkononi mwangu. Juu marumaru, chini uji. Mtu akikuuzia kaunta leo, mwambie aigeuze. Upande wa chini na kingo ndiko kunakosema ukweli. Zisipopakwa rangi au gundi, hiyo ni kaunta ya msimu mmoja.

Nilikimbilia dukani na akiba yangu ndogo. Fomaika imekwisha, mpaka lori lije. Saruji? Niliifikiria. Uso wa saruji yenye kokoto ndogo, ukiusugua vizuri ni rahisi na unadumu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuadhirika nayo Tunduru, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa korosho, ambako Mzee Gaudensi aliniachia kumalizia, nikaumwagilia maji siku mbili tu badala ya wiki nzima chini ya magunia mabichi, ukapasuka, na yule mama akaniita kwa upole akaniambia, "Subhanallah, fundi, umenichorea Mto Ruvuma na vijito vyake." Siku nne hazitoshi saruji. Vigae? Unga unaingia kwenye maungio, unachacha humo, kesho unaoka panya. Bati la kufunika? Kingo zake zinakata vidole, tena linapiga kelele kama ngoma.

Mzee Gaudensi alikuwa amekaa uani kwenye benchi refu, ameunyoosha mguu. Nikamwona anakuna lile benchi kwa ukucha. Anakuna tena. Akanusa kidole.

"Baba Otmari, hili benchi ulilipata wapi?"

Baba Otmari akajibu kwa fahari. Lilikuwa mbao za bodi ya lori lake. Chama cha ushirika kilichomwajiri kilipopunguza watu na kuuza magari mabovu, wenzake walidai kiinua mgongo wakangoja. Yeye pamoja na kungoja aliomba mbao za bodi ya lori aliloliendesha. Alizipanga uani, akazigeuza benchi. Kila jioni alikaa pale akitazama milima ya Matogoro, na ukipita alikusimulia kila kilima cha njia ya Njombe.

"Mninga," akasema Mzee Gaudensi. "Umepigwa jua na mvua mpaka umemaliza ukorofi wake wote. Mbao mpya ukiileta leo, kesho inapinda. Hii haina pa kupindia tena."

Baba Otmari akaelewa kabla yangu. Uso ukambadilika. Akapapasa benchi kwa kiganja, akatembea hatua tatu, akarudi. "Nitakaa wapi?" akauliza, lakini hakumuuliza mtu. Kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye uliyenipima kiuno, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi ndiye niliyekubali. Leta msumeno."

Kelele ilitoka jikoni. "Mbao zilizobeba tumbaku miaka yote hiyo? Mkate wa padri unuke sigara?"

"Tutaziranda, mama," nikasema.

"Randeni mpaka mwaka mpya."

Turudi kwenye ufundi kidogo. Mbao zilizotumika zina misumari iliyojificha, na msumari mmoja unaweza kulifanya jino la randa kuwa msumeno. Mzee Gaudensi alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Alinifungia kwenye uzi, nikaiburuza juu ya mbao zote kama anayevua samaki. Ilipovutika nilichimba. Nilitoa misumari kumi na mbili, matundu nikayaziba kwa vipande vya mninga uleule, mishipa ikielekea upande mmoja. Nikaranda. Kwanza ukatoka weusi, halafu ukijivu, kisha ile rangi nyekundu ya kahawia ikafunguka, na harufu tamu ikajaa uani. Nilisahau marumaru yangu yote. Nawaambia kweli, nilisimama nikiwa na mdomo wazi kama siku ile dukani.

Mbao tatu zikaungwa ubavu kwa ubavu kwa gundi na vijiti vya kushikizia. Kupaka hatukupaka vanishi, maana vanishi ikikwanguliwa na kisu mtu anaila. Tuliyeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya ufuta, ikiwa moto kiasi, tukasugua kwa kitambaa, tukaacha, tukasugua tena. Kwa kaunta ya mbao hiyo inatosha mpaka leo, na kila baada ya miezi michache unarudia. Sufuria ya moto weka juu ya kigae au kipande cha ubao. Mbao inavumilia, haisamehi.

Asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya Misa, bao likawa limelala juu ya nguzo fupi. Mama Otmari akaja na kipande kidogo cha unga uliokandwa. Hakutusalimu. Akakiburuza juu ya bao kutoka mwanzo hadi mwisho, akakibonda, akakikaanga kwenye kikaango, akampa mumewe.

"Kula. Ukisikia tumbaku, sema."

Baba Otmari akatafuna. Taratibu. Mimi nilikuwa nimeshika msasa, nikauchana vipande viwili. Mzee Gaudensi alikuwa anatazama dari, kama aliyekuja kukagua popo. Baba Otmari akameza, akafikiri, akalamba kidole.

"Nasikia kitu," akasema.

"Nini?"

"Chumvi haitoshi."

Mama Otmari alimpiga begani na taulo la unga, wingu likapanda mpaka darini, na hapo ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kreti.

Alianza kukanda saa hiyohiyo. Akasimama mbele ya bao, miguu imepanuka kidogo, akaitua mikono kwenye donge, na uzito wote ukashuka bila mabega kusogea. Anasukuma, anakunja, anageuza. Anasukuma, anakunja, anageuza. Jasho likamtoka pembeni mwa uso, hakulifuta. Donge la kwanza akalifunika kitambaa, akachukua la pili. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasali, au anahesabu watu wa Mpitimbi, sikujua, na haikuwa kazi yangu kujua.

Sisi watatu tulikuwa tumesimama mlangoni, Mzee Gaudensi na fimbo yake, Baba Otmari ameinamisha kichwa chini ya kizingiti, mimi na msasa wangu uliokatika. Tulijisahau. Nadhani tulikuwa tunangoja kusifiwa.

Mama akainua macho, mikono bado ikiwa ndani ya unga.

"Na nyie mnangoja nini hapo? Ondokeni mlangoni, mnanizibia mwanga."